Bi. Kuruthumu binti Bwanausi, Kungwi Aliyeufichua Mkole

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Masheikh wetu, wazee wetu, shikamooni, viongozi wa kijiji, mama zetu mlioko uani, majirani, na nyinyi watani mliokwisha kuyakalia majembe ya kaburi mkidai hamnyanyuki mpaka mpewe jogoo, nasimama mbele yenu kwa niaba ya familia ya marehemu Mzee Mwinyimvua Sheha wa hapa Fukayosi, kuwasomea maisha ya mama yetu kabla hatujampeleka msikitini. Kazi hii ilikuwa ya kaka yetu mkubwa, Abdulazizi, lakini sauti imemkauka tangu jana, kwa hiyo imeniangukia mimi Farhan, mtoto wa tatu, fundi seremala, ambaye mama alizoea kunitambulisha kwa wageni kwamba "huyu ndiye anayekula miti yangu", na nawaomba mnivumilie pale nitakapokwama.

Marehemu Kuruthumu binti Bwanausi alizaliwa Miono tarehe 8 Juni 1951, siku za mwanzo za Mwezi Mtukufu wa Ramadhani, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa Mzee Bwanausi, mkulima wa ufuta, na mkewe Bi. Salme, mzaliwa wa hapa Fukayosi, na inasimuliwa kwamba alishuka duniani saa ya kufuturu, mkunga akamkata kitovu kabla hajaonja tende, jambo ambalo mkunga yule hakumsamehe mpaka anaolewa. Alianza chuo mwaka 1957, akahitimu Kurani mwaka 1962, na shule alisoma hukohuko Miono kuanzia Januari 1960 hadi Desemba 1963 alipomaliza darasa la nne, akaishia hapo, si kwa kushindwa, bali kwa kuwa darasa la tano lilikuwa mbali na baba yake hakutaka binti wa kulala kwa watu. Mwaka 1966 alivunja ungo, akaletwa Fukayosi kwa upande wa mama yake, akawekwa ndani kama desturi, na mwezi Agosti mwaka uleule akatolewa na kuchezwa chini ya mkole.

Kwa faida ya wageni waliotoka mbali, mkole ni mti wa kawaida tu wa vichaka vya kwetu, una matunda madogo matamu yanayoitwa kole, watoto huyatafuna na kutema kokwa, lakini kwa sisi Wakwere mti huu ndio mti wa mwali, chini yake binti hufundwa utu uzima, na yanayosemwa pale hayasomwi hapa leo, kwanza kwa sababu siyajui, na pili kwa sababu hata ningeyajua, mama zetu walioko uani wasingeniacha nimalize sentensi.

Tarehe 17 Agosti 1969 mama alifunga ndoa na Mzee Mwinyimvua Sheha, hapahapa Fukayosi, na Mwenyezi Mungu akawajaalia watoto sita, wawili wakatangulia wakiwa wachanga, tukabaki Abdulazizi aliyezaliwa mwaka 1971, Hajra 1974, mimi 1979, na kitinda mimba wetu Esha mwaka 1984. Waliishi pamoja kwa amani hadi mzee alipofariki tarehe 2 Novemba 2011, na ninaposema kwa amani naacha nje kipindi kimoja ambacho nitakieleza, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza kielezwe, alisema historia isiyo na ugomvi si historia ya mtu aliyewahi kuolewa.

Kwa kazi, mama alikuwa mkulima wa muhogo na mananasi, na kuanzia mwaka 1988 alirithi ukungwi kutoka kwa mama yake mdogo, Bi. Mize, aliyemkabidhi ngoma na kumwonyesha ulipo mkole mkubwa wa kijiji, kule kilimani upande wa machweo, ambao wanawake wa Fukayosi walikuwa wakiutumia tangu enzi za bibi zao. Siri ya mti ule ilitunzwa sana, wanaume hawakuujua, watoto hawakuujua, hata mwali mwenyewe alipelekwa amefunikwa kanga na kurudishwa amefunikwa, na mwanamke aliyethubutu kuunyooshea kidole mbele ya mwanamume alitozwa faini. Sasa upande wa pili wa nyumba ileile, baba yetu, Mungu amrehemu, tangu mwaka 1985 alikuwa mchoma mkaa, na sisi sote tuliosimama hapa tumekula, tumevaa na tumesoma kwa mkaa ule, kwa hiyo sitausimanga, ila mnajua wenyewe jinsi jiji la Dar es Salaam lilivyokuwa likipika, na jinsi vichaka vyetu vilivyokuwa vikipungua.

Asubuhi ya tarehe 22 Agosti 1998, mama aliwaongoza wanawake kumpeleka mwali kilimani, ngoma kichwani, vigelegele vikiwa tayari kooni, wakafika, wakakuta kisiki. Hatua chache mbele yake kulikuwa na tanuru linafuka moshi, na tanuru lile lilikuwa la mumewe. Baba alikuwa ameukata mkole ule bila kujua chochote, kwa miaka ishirini na tisa ya ndoa alikuwa akipita chini yake kila wiki na hakuna aliyewahi kumwambia, aliuona ni mti mgumu, mnene kuliko wenzake, utatoa mkaa mzuri, akashukuru Mungu akauangusha. Na mama hakuweza hata kumgombeza, kwa sababu kumgombeza ni kumwambia ulikuwa mti gani, na kumwambia ni kuvunja mwiko aliokabidhiwa, basi alinyamaza, akapika na kunyamaza, akatandika na kunyamaza, na baba aliteseka kweli, alidhani kosa lake ni chumvi aliyosahau kuinunua, akanunua chumvi ya kutosha kijiji kizima, na bado hakusemeshwa.

Ndugu waombolezaji, katika ukimya ule mama aliona jambo ambalo lilimwongoza mpaka jana, kwamba mti haukuuawa na shoka peke yake, shoka lilisaidiwa na siri. Aliwaita makungwi wenzake akawaambia kwamba tumewafundisha mabinti zetu kila kitu chini ya mti isipokuwa mti wenyewe, na hatukumfundisha mwanamume hata mmoja, na mtu halindi asichokijua. Wazee wa kike walikasirika, Bi. Mize alisema anajuta kumpa ngoma, wengine wakasema Kuruthumu anataka kuuza uchi wa wanawake barazani, na kwa miezi kadhaa hakualikwa kwenye shughuli yoyote. Hakurudi nyuma. Katika mkutano wa kijiji wa tarehe 16 Januari 1999 alisimama mbele ya wanaume wote, kabeba tawi la mkole mkononi, akasema maneno ambayo wengi wenu mliyasikia kwa masikio yenu: "Huu ndio mkole, mti wa mwali. Uliochomwa mwaka jana ulikuwa bibi yake. Tunayoyasema chini yake hamtayajua mpaka mfe, lakini mti mtaujua leo, na atakayeukata tena asiseme hakuambiwa."

Baba alikuwa ameketi safu ya mbele. Wanasema aliinuka taratibu akaenda nyumbani bila kuaga mtu, na jioni ile ndipo mama alipomsemesha, na neno la kwanza alilomwambia lilikuwa kwamba chumvi sasa inatosha.

Msidhani mambo yalinyooka kuanzia siku hiyo. Masika ya mwaka 1999 mama na wanawake wachache waliomwunga mkono walipanda mikole kilimani, na walipanda kwa namna waliyoijua wao, kwa sababu mwali anapochezwa nyumbani huwa linakatwa tawi la mkole na kuchomekwa uani, basi wakakata matawi, wakayachomeka kilima kizima, mvua ikanyesha, matawi yakachipua majani mabichi, wakapiga vigelegele na kuchinja kuku. Kufikia Julai yote yalikuwa yamekauka kama fimbo za bakora, mbuzi wakamalizia, na watani wetu, ambao leo wamekalia majembe, walisambaza habari mpaka Saadani kwamba wanawake wa Fukayosi wamepanda kuni. Mama alicheka kuliko wao, akasema ni kweli, tawi la ngoma hukaa siku za ngoma, hatukulipatia mizizi, tukatarajia nini. Alichofanya baadaye ni kuwageukia watoto, aliona kwamba miche ya mkole huota penyewe pale watoto wanapokaa wakitafuna kole na kutema kokwa, kando ya kisima cha msikiti, basi akawapa kazi wanayoipenda, wale kole washibe, kokwa waweke kwenye kifuu, walete kwake. Kijiji kizima kilinuka watoto wenye midomo ya kunata mwaka ule, na masika ya mwaka 2000 yalikuta miche ya kweli, yenye mizizi, kwenye mifuko ya maziwa iliyopangwa barazani kwetu mpaka mgeni akakosa pa kukaa.

Hapo ndipo alipoweka sharti lake, ambalo aliliendesha kwa ukali wa hakimu, kwamba hachezwi mwali asiye na mche. Binti anapowekwa ndani anapewa kokwa zake, anaziotesha mwenyewe uani, anazimwagilia siku zote za kukaa ndani, na siku ya kutolewa anaupanda mkole wake kilimani, mti unaitwa jina lake, na mti ukifa anaulizwa yeye, hata akiwa ameolewa Tanga. Akijifungua anakuja na mtoto kumwonyesha mti, na mtoto anachuma kole za mama yake. Wavulana nao, ambao siku hizi jando lao liko hospitali na hawana kichaka cha kukumbuka, aliwafungulia upande wa chini wa kilima, kila mmoja akapanda mkongo, mti wa mbao ngumu, na hili nalo lilimletea maneno, lakini kwa wakati huo alikuwa amekwisha kuzoea maneno. Sheikh wetu, ambaye ngoma za unyago hazikuwahi kumfurahisha na hakuficha, alifika siku moja kilimani, akatazama, akasema hayo mengine mtajibizana na Mola wenu, lakini kivuli hiki ni sadaka inayoendelea, na tangu siku ile madrasa yake ikawa inakuja kumwagilia. Baba yetu naye aliacha mkaa, hakuacha siku ile ya mkutano, aliacha baada ya masika mawili, akaingia kwenye mananasi, na mpaka anafariki yeye ndiye aliyekuwa akibeba madumu ya maji kilimani, akipita mbele ya kila mkole na kuutaja kwa jina la mwenyewe, kwa sauti, kama anayeita mahudhurio.

Kilima kikafunga kwa miti. Mliokuja kwa barabara ya Msata leo mmekiona, ni ule weusi wa majani upande wa kushoto, na mvua za vuli zikichelewa kisima cha msikiti hakikauki tena kama zamani.

Lakini mama alikuwa na hofu moja, na ninaisema kwa kuwa ilikuwa kubwa kuliko ugonjwa wake. Hakuwa na mrithi. Dada yangu Hajra ana biashara ya nguo Kariakoo, mdogo wangu Esha ni muuguzi huko Saadani, wote wawili walimwambia kwa adabu kwamba ukungwi hawauwezi, na siku hizi mwali anaweza kuchezwa ukumbini kwa muziki wa spika, akavaa gauni, akapigwa picha, mambo yakaisha saa kumi na mbili. Mwaka 2019 mama aligundulika na ugonjwa wa kisukari, tarehe 5 Aprili 2022 alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti, na kuanzia hapo hakuweza kupanda kilimani, ngoma ikatundikwa ukutani chumbani kwake, na yeye akawa anakaa mlangoni akikitazama kilima kwa mbali. Aliniambia mara moja kwamba amelea miti mingi sana lakini hajui kama amelea mtu.

Tarehe 16 Septemba 2023, siku ya Jumamosi, saa sita mchana, moto wa kusafishia shamba ulitoroka upande wa kusini, upepo ukauchukua, ukaelekea kilimani. Nyumbani walikuwa wawili tu, mama kitandani na mjukuu wake Ashatu, binti wa Hajra, aliyelelewa hapa na wakati huo alikuwa na miaka kumi na saba. Mnajua mwiko wa ngoma ile, haiguswi ila na kungwi, haipigwi ila kwa mwali, na msichana asiyewahi kuzaa hata kuivuka hawezi. Ashatu aliingia chumbani, hakuomba ruhusa, akaitungua ukutani mbele ya macho ya bibi yake, akatoka nayo nje na kuipiga, mchana kweupe, siku isiyo ya mwali, na mama hakumzuia, alisema baadaye kwamba alichoogopa si mwiko, ni kwamba ngoma ingelia na asije mtu.

Ngoma iliyopigwa wakati usio wake ilisikika mashambani, na kila mwanamke aliyewahi kuchezwa kwa ngoma ile alijua kuna jambo. Walikuja. Walikuja na majembe yaliyokuwa mikononi mwao, waliochezwa mwaka 2000 na waliochezwa juzi, wengine watoto mgongoni, wengine waliteremka kwenye bodaboda kutoka Kiwangwa baada ya kupigiwa simu, vijana wa mikongo wakaja na madumu, watoto wa madrasa wakaja na matawi mabichi, sheikh mbele yao kapandisha kanzu mpaka magotini, na walikata njia ya moto kuzunguka kilima huku kila mmoja akianzia kwenye mti wake na kumalizia kwenye mti wa jirani yake, mpaka saa kumi moto ukakosa pa kupita. Uliunguza safu ya chini tu, pamoja na mkongo wangu mimi niliopanda ukubwani, na watani wamekwisha kunikumbusha leo asubuhi.

Kisha ikabaki kesi. Wazee wa kike walikaa tarehe 23 Septemba kumhukumu Ashatu kwa kuigusa ngoma, na desturi ilikuwa wazi, alipe faini na asikanyage kilimani. Mama aliomba abebwe, tukambeba kwenye kiti mimi na Abdulazizi, akasikiliza maelezo yote mpaka mwisho, halafu akatoa kauli yake akiwa kungwi mkuu. Alisema, "Faini atalipa, jogoo na kaniki, maana kosa ni kosa. Akishalipa, ngoma abaki nayo. Mimi nimeipiga miaka thelathini na tano, sijawahi kuona watu wakija mbio vile. Mwenye ngoma ni yule anayeitikiwa." Palikuwa na mabishano, na haki ya mabishano walikuwa nayo, kwa hiyo wakakubaliana kwamba mafunzo ya ndani yatashikwa na kungwi mwenzake mama, Bi. Yasmini, mpaka Ashatu atakapokuwa mama, ila ngoma na kilima ni vya Ashatu kuanzia siku ile. Tulipomrudisha mama nyumbani alilia njia nzima, na nilipomuuliza anaumwa wapi akaniambia nisiwe mjinga, hiyo ni furaha.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa iliyofuata ilikuwa ya raha kwake kuliko wakati wowote niliomwona, alikuwa akimfundisha mjukuu wake kila jioni, akimgombeza na kumsifu katika pumzi moja, na mabinti walioacha kuchezwa walianza kurudi, hata wa kutoka Dar es Salaam, wakiwa na kokwa zao kwenye vikopo. Januari mwaka huu figo zilishindwa, alilazwa Bagamoyo mjini tarehe 19 Januari, na jana, Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nane mchana, akiwa amezungukwa na wanawe wote na Ashatu ameshika mkono wake, alipiga shahada akarejea kwa Mola wake, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Ameacha watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, na vitukuu wawili.

Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, ambao aliwasumbua kwa kuwauliza kila asubuhi kama dirisha lile haliwezi kupata mti, inamshukuru sheikh wetu na waumini wote, makungwi wenzake wa Miono na Kiwangwa, majirani mliolala nasi, wafanyakazi wenzake mdogo wetu Esha waliofika kutoka Saadani, na watani wetu, jogoo wenu yupo, tafadhali rudisheni majembe.

Ninalo jambo la mwisho, halimo katika karatasi hii, limetokea leo. Barazani kwetu ipo miche ya wali watatu wanaotolewa masika haya, na katika kishindo cha msiba, kiangazi hiki kikali, hakuna mmoja wetu aliyeikumbuka, tulikuwa tukihangaika na sanda, turubai na wageni. Baada ya swala ya alfajiri nilitoka nje nikakuta mifuko yote imelowa, udongo mweusi, maji bado yanatiririka chini ya baraza. Nilimshukuru Ashatu, akaniambia hakuwa yeye, alikuwa ndani na maiti ya bibi. Nikauliza watoto waliokuwa uani nani amemwagilia, na sikujibiwa na mmoja, walijitokeza wengi, wa kike kwa wa kiume, wamelowana mpaka magotini, wakaanza kugombana mbele yangu nani aliwahi kufika, na ugomvi huo, ndugu zangu, mpaka naingia hapa kusoma ulikuwa haujaisha.

Mama, sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Akusamehe, akupanulie kaburi lako, akupe kivuli siku isiyo na kivuli. Pumzika kwa amani, umelea watu.